Tai ya Kuazima

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama. Ukutani kwa mama yangu, kijijini upande wa Laela, kuna picha yangu nimevaa koti na tai. Koti si langu. Tai si yangu. Ni mali ya studio moja ya picha hapa Sumbawanga. Tai inaning'inia kwenye msumari ikiwa imeshafungwa fundo. Mteja unaipitisha kichwani, unavuta, tayari. Siku zile kazi yangu ilikuwa kubeba magunia mashineni. Jina la mji huu, wazee husema, maana yake ni kutupa uchawi. Mimi nilikuja nikauvaa.

Swali langu ni hili: je, picha ile ni uongo?

Mpiga picha aliniambia, "Dogo, picha ni heshima, siyo kiapo." Nikamkubalia. Lakini ilipofika kwetu ikaanza kusema yenyewe. Mdogo wangu wa kike alipokosa sare na madaftari, mama alikwenda kwa mjomba. Mjomba akajibu, "Mwenye tai si yupo mjini?" Binti akakaa nyumbani muhula mzima. Basi usiniambie eti nguo haina mdomo.

Wako watakaosema kosa ni la tai yenyewe, kitambaa cha mkoloni. Jirani zetu wa Zaire walijaribu dawa hiyo: Mobutu aliipiga marufuku miaka ya 1970, watu wakavaa abakosti, mpaka 1990 ruhusa iliporudi. Kumbe abakosti nayo ikageuka sare ya wakubwa! Hata kaunda suti, iliyotoka Zambia hapo jirani, iliishia kuwa vazi la mabosi. Tatizo si kitambaa.

Aliyenifungua macho ni fundi cherehani mmoja sokoni. Alikuwa akinigeuzia kola ya shati la mtumba: anafumua mshono, upande uliochakaa unaingia ndani, ulio mzima unatoka nje. Nikamwonyesha nakala ya picha. Akacheka.

"Fundo hili ni Windsor, nene. Linataka kola pana, iliyotanua mabawa. Kola yako nyembamba, ilitaka fundo dogo. Tazama ncha zilivyoinuka. Anayejua anaona tai si yako."

Baadaye nikasoma kwamba hata huyo Duke wa Windsor, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu mwaka 1936, hakuwa akilifunga fundo hilo. Alishonewa tai nene, akafunga fundo la kawaida. Duniani wengi tunaazima!

Sasa utaniuliza: kugeuza kola nako si kuficha? Ni kuficha. Lakini kola iliyogeuzwa inasitiri uchakavu wangu mwenyewe, na hakuna anayekosa daftari kwa ajili yake. Kuficha umaskini si dhambi. Dhambi inaanza pale mwingine anapolipa gharama ya kificho chako.

Pasaka nilikwenda nyumbani na shati lile, shingo wazi, nikamweleza mama kila kitu. Alinyamaza. Nikanyoosha mkono niishushe picha.

"Iache," akasema. "Ila kwa mjomba wako utakwenda kusema mwenyewe."

Kwa mjomba ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nilikwenda. Bwana we, sijawahi kubeba shingo nzito kama ile, na haikuwa na tai.