Sala ya Asubuhi, Mgao wa Jioni

Somo: Ayubu 28. Soma pia Ayubu 31 na Yakobo 5.

Biblia imejaa wafugaji, wakulima na wavuvi. Wachimba madini hawana nafasi kubwa humo, isipokuwa katika sura ya 28 ya kitabu cha Ayubu, ambapo ghafla tunashushwa chini ya ardhi. Mtu anaingia gizani, anatoboa shimo mbali na makazi ya watu, ananing'inia na kubembea mahali ambapo wapita njia wamekwisha kumsahau. Juu yake ardhi inaotesha chakula. Chini inapinduliwa kama iliyopigwa na moto. Anapasua mwamba, anaziba maji yanayovuja, anakileta nuruni kilichofichika. Mwandishi anaongeza jambo linalonifurahisha kila nikilisoma: njia hiyo hata ndege wenye macho makali hawaijui, na simba hajaikanyaga.

Mkristo wa Maganzo hahitaji kufafanuliwa sura hii. Mji wake mdogo, katika Wilaya ya Kishapu, kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, umekua ukiutazama mgodi wa Mwadui. Mjiolojia Mkanada John Williamson alihangaika miaka mingi kabla ya kuupata mwamba wake wa almasi mwaka 1940, nao ukaja kuonekana ni mpana ajabu, hekta 146 juu ya uso wa ardhi. Oktoba 1947 ikatoka almasi ya waridi ya karati 54.5, ikapelekwa kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Jiwe moja. Tangu hapo, nani anaweza kumzuia kijana mwenye chekeche na koleo asiamini kwamba la kwake nalo limelala mahali fulani kwenye kokoto, likimngoja?

Ndiyo maana sala za ukanda huu, kuanzia Maganzo hadi Kahama, Nyarugusu na Rwamgasa kule Geita, zina uzito wake. Mtu anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, hana uhakika wa kupanda tena. Udongo unaweza kubomoka, hewa inaweza kuwa nzito, kamba inaweza kukatika. Anaomba ulinzi, kisha anaomba apate. Siwacheki wanaoomba kupata. Mungu aliyetufundisha kuomba mkate wa kila siku hawezi kuona haya kusikia ombi la ada ya shule na mabati ya nyumba.

Ila Ayubu 28 haiishii shimoni. Baada ya kumsifu mchimbaji kwa akili na ujasiri wake, mwandishi anauliza: basi hekima inachimbwa wapi? Vilindi vinasema haimo ndani yake. Bahari inasema haiko kwake. Sokoni nako haipatikani, maana dhahabu ya Ofiri haitoshi kuinunua, wala yakuti, wala topazi ya Kushi. Mauti yenyewe inakiri kwamba imesikia tetesi zake tu. Ndipo mstari wa mwisho unatamka kwamba kumcha Bwana ndiko hekima, na kujitenga na uovu ndiko ufahamu.

Sifa hizo mbili tunazikuta mapema, kwenye aya ya kwanza kabisa ya kitabu, pale Ayubu anapotambulishwa: alimcha Mungu, alijiepusha na uovu. Zinakuja pamoja kila mara. Kwetu zimetengana. Ile ya kwanza tumeipa mikesha, mifungo na spika za kusikika hadi kijiji cha pili. Ya pili tumeiachia dhamiri ya kila mtu.

Twende basi mahali ambapo zinakutana au zinaachana, yaani siku ya mgao. Mawe yametoka duarani, yamejazwa kwenye viroba, viroba vimepangwa juu. Wamefika mwenye leseni, mwenye duara aliyelisha watu miezi yote hiyo, na wachimbaji walioshuka. Kila mmoja ana fungu lake kwa makubaliano, na mara nyingi makubaliano hayo ni ya mdomo. Gharama za magogo, mafuta ya jenereta, kamba na unga zimo kwenye daftari la mtu mmoja, na huyo mtu si mchimbaji. Kijana anaambiwa unga aliokula ni wa kiasi fulani. Atabisha kwa ushahidi gani? Wakati huo alikuwa chini.

Pengine watu hawa waliomba pamoja asubuhi, wakashikana mikono, wote wakasema amina. Kwa maoni yangu sala ile bado inaendelea mezani, na daftari ndilo linaloimalizia. Mwenye duara akiongeza gunia moja la uongo kwenye hesabu, ameifuta amina yake. Mchimbaji aliyeficha jiwe kwenye buti naye ameifuta ya kwake. Maskini hapewi ruhusa maalumu ya kuiba kwa sababu ni maskini, ingawa hasira yangu kwake ni ndogo zaidi, nakiri.

Kwenye almasi mtihani ni mkali kuliko kwenye dhahabu. Karati moja ni gramu 0.2 tu, na jiwe la thamani ya nyumba laweza kupotea kwenye mkunjo wa kiganja. Uzito peke yake hausemi bei. Rangi inahesabika, usafi unahesabika, umbo linahesabika. Aliyelichekecha hajui, anayelinunua anajua. Tofauti hiyo ya ujuzi ndiyo faida ya dalali, na hakuna dhambi katika ujuzi. Dhambi inaingia pale mzee wa kanisa anapotazama jiwe zuri, akatikisa kichwa kana kwamba ni takataka, akatoa pesa ya mbuzi wawili huku akimwita muuzaji "mwanangu." Serikali ilianza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, Geita ikitangulia mwezi Machi, ili mizani na bei viwe hadharani. Ni hatua njema. Lakini sura yetu inamtaja Mungu aliyeupa upepo uzito wake na kuyapima maji kwa kipimo. Anayepima upepo hashindwi kuona kidole kilichowekwa kwenye mizani.

Kuna jambo zito zaidi, na makanisa ya Usukuma hayana haki ya kulipita kwa haraka. Simba hawaijui njia ya mgodini, kwa hiyo mganga ataijuaje? Hata hivyo wapo wanaotoka ibadani Jumapili na Jumatatu wanakwenda kutafuta ndagu, uganga wa utajiri, eti mali ije. Mwishoni mwa miaka ya 2000 imani hiyo ilimwaga damu. Watu wenye ualbino waliwindwa katika Shinyanga, Mwanza na maeneo ya Geita, kwa kuwa walikuwapo walioamini kwamba viungo vyao vinavuta dhahabu, almasi na samaki. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi bungeni akizungumzia mauaji hayo. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa mauaji ya mvulana wa miaka 14, hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Watoto wengine walikusanywa katika shule ya Buhangija, Shinyanga, wakalelewa mbali na mama zao ili wapate kuishi. Na bibi vizee wetu, waliopika miaka hamsini kwenye moshi wa kuni na samadi hadi macho yakawa mekundu, waliuawa kwa sababu ya macho hayo, baada ya mpiga ramli chonganishi kuwanyooshea kidole.

Makanisa yalikuwapo wakati wote huo. Kengele zililia, kwaya zilirekodi. Haitoshi kusema kwamba wauaji hawakuwa wa kwetu. Soko la ndagu linahitaji wateja, na mteja ni mtu anayetaka kupata kwa gharama yoyote. Sala inayomwomba Mungu madini bila kumwambia Mungu ni mambo gani siwezi kufanya ili niyapate, imeacha mlango wazi.

Kuhusu zebaki nitasema kwa ufupi. Mama anayechoma dhahabu yenye zebaki jikoni, mtoto mgongoni, anavuta sumu inayoharibu neva na figo, na mtoto anaivuta pia. Kuomba afya ya familia na kuchomea nje, mbali na watoto, kwa chombo kilichofunikwa kinachonasa mvuke, ni kitendo kimoja cha imani. Mchungaji anayeona haya kulisema hilo madhabahuni aseme kwenye jumuiya ndogondogo.

Yakobo, mtume wa matendo, ndiye mwandishi pekee wa Agano Jipya anayemtaja Ayubu kwa jina, na anamtaja katika sura ya tano. Tazama majirani wa jina hilo kwenye sura hiyo. Inaanza na ujira uliozuiwa wa vibarua, ujira ambao wenyewe unapiga kelele mbele za Mungu. Inaishia na kuombea wagonjwa na kuungamiana dhambi. Ayubu amewekwa katikati, kati ya mshahara na sala.

Na Ayubu mwenyewe, alipofika kwenye utetezi wake wa mwisho katika sura ya 31, hakusoma orodha ya mifungo yake. Anaapa kuhusu watumishi wake walipokuwa na shauri dhidi yake: hakulidharau. Anaapa kuhusu mjane, yatima, mtu asiye na nguo. Anaapa kwamba hakuifanya dhahabu kuwa tumaini lake. Mwisho kabisa anaapa kuhusu ardhi: kama imelia juu yake, kama amekula mazao yake bila kulipa, basi michongoma iote badala ya ngano.

Novemba 6, 2022 ndege ilianguka Ziwa Victoria pale Bukoba, watu 19 wakafariki, na wavuvi wakawahi na mitumbwi yao kuokoa wengine. Taifa zima liliomba. Kesho yake, Novemba 7, ardhi ikalia kwetu: kingo za bwawa la majitope la mgodi wa Mwadui zilipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba katika vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze, hatua chache tu kutoka Maganzo. Hao walihitaji sala pia, na walihitaji unga, maji safi, pamoja na mtu wa kukaa nao wakati wa kuorodhesha hasara, asome fomu kabla bibi hajaweka dole gumba. Kusoma fomu ni huduma. Sijui kwa nini hatuna kamati yake kanisani wakati tuna kamati ya mapambo.

Kitabu kinapofunga, Ayubu anarudishiwa mali yake wakati gani? Anapowaombea rafiki zake, walewale waliomsingizia. Aliomba akiwa bado majivuni, kwa ajili ya watu aliokuwa na haki ya kuwakasirikia. Nawe mwenye duara, kabla ya mgao ujao, jaribu kumwombea kwa jina lake yule kijana unayemdai unga. Muombee mama yake kijijini, miguu yake inayoshuka, mapafu yake yenye vumbi. Kisha fungua daftari, yeye akiwa amekaa karibu yako, mhesabu pamoja.