Nani Amezunguka?

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, ina minyororo minne iliyojipanga katika jozi mbili. Ikishika oksijeni, jozi moja huzunguka takriban nyuzi 15 ikilinganishwa na nyingine. Kwamba kuna mwendo hapo, hakuna ubishi: mwaka 1938 Felix Haurowitz aliona fuwele za himoglobini isiyo na oksijeni zikivunjika zilipofikiwa na hewa.

Kuipima pembe hiyo si kazi ngumu. Unachukua maumbo mawili, la kabla ya oksijeni na la baada yake, unaiambia kompyuta iilaze jozi ya kwanza ya umbo hili juu ya jozi ya kwanza ya umbo lile hadi atomi zikaribiane kadiri iwezekanavyo. Kisha unauliza: jozi ya pili izungushwe kiasi gani ili nayo imlalie mwenzake?

Sasa shikilia ya pili, upime ya kwanza. Pembe ni ileile, upande wa kinyume. Laza molekuli nzima juu ya nzima, nazo jozi zote mbili zitaonekana zimezunguka kidogo, kila moja upande wake. Pembe, basi, ni ya molekuli. "Hii ilitulia, ile ikazunguka" ni maneno yangu.

Katika protini nyingine tumezoea kushikilia kipande kikubwa, na kuna mantiki: ukipimia kwenye kitovu cha uzito, kizito husogea kidogo zaidi. Himoglobini hainipi kisingizio hicho. Jozi zake ni pacha.

Nikienda nyumbani likizo, shangazi huniambia, "Umebadilika sana wewe." Shamba la babu limegawanywa viwanja, binamu zangu wamehamia mjini, yeye mwenyewe siku hizi anauza mitumba kwa simu. Lakini aliyeondoka ndiye huambiwa amezunguka. Simbishii; tofauti anayoiona ipo, na huenda ukubwa wake ameukadiria vizuri kuliko mimi. Ninachojiuliza ni nani aliyemteua kuwa upande uliotulia. Tena najiuliza nikijua kwamba mimi nami, nikiwa chuoni, humsimulia kana kwamba nimesimama palepale na yeye ndiye anayesogea mbali.

Katika tasnifu sasa naandika "ikilinganishwa na" kila mahali. Msimamizi wangu analalamika kwamba sentensi zimekuwa ndefu. Bado sijazifupisha.