Nyani Haoni Kundule: Methali ya Mgongo Tusiouona

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii hutumiwa sana kumnyamazisha msengenyaji, yule anayehesabu kasoro za jirani na kuzisahau zake. Matumizi hayo ni ya haki, lakini hayaimalizi maana. Kabla ya kuwa lawama, methali hii inaeleza maumbile. Macho ya nyani yako mbele na kundu liko nyuma. Hata nyani mwema, asiyemcheka mwenzake, haoni lake. Kutojiona basi si uovu. Uovu huanza pale mtu anapodhani kwamba asichokiona hakipo.

Sisi nasi hatuioni migongo yetu, lakini siku hizi simu zinatuonyesha. Katika harusi Bomet au mchango wa shule Litein, nchini Kenya, mtu hupigwa picha bila habari, na jioni imeshafika katika kundi la WhatsApp la ukoo. Mbele ya mpiga picha wa sherehe alikuwa amejinyoosha akatabasamu. Katika picha ya kuviziwa mabega yameshuka, kidevu kimetangulia. "Huyu si mimi," husema. Wenzake hawashangai, kwa maana ndivyo wanavyomwona kila siku.

Mtazame mama aliyechuma chai tangu ujana wake. Mchai hupogolewa ubaki usawa wa kiuno, na hapo mchumaji husimama kutwa, kikapu mgongoni, shingo imeinama, vidole vikikata majani mawili na chipukizi na kuyarusha nyuma juu ya bega. Hulipwa kwa kilo, hivyo kila dakika ya kujinyoosha ina gharama yake. Miaka ikipita, picha ya harusi humwonyesha bila kikapu, lakini shingo ingali imeinama na viwiko vimekunjwa kana kwamba majani yako mbele yake. Bintiye akimuuliza, "Mama, mbona hukusimama wima?" mama hushangaa, kwani moyoni alikuwa wima kabisa.

Hapa methali inatudai busara zaidi: si kila kinachoonekana mgongoni ni aibu. Wachumaji wa Kericho walifika hadi mahakamani Edinburgh, Scotland, wakiishtaki kampuni ya James Finlay (Kenya) na kudai kwamba kazi imewaumiza migongo na shingo. Kampuni iliyapinga madai hayo, na mwaka 2023 mahakama iliisimamisha kesi ili yashughulikiwe kwanza nchini Kenya. Hata bila hukumu, jambo moja liko wazi: mgongo wa mtu unaweza kuwa kumbukumbu ya kazi yake. Anayeucheka mgongo huo huku akinywa chai yake ndiye nyani wa methali.

Lakini iko picha nyingine. Msimamizi anayejiona mpole hukuta kwamba katika kila picha kidole chake kimemwelekea mtu, na waliomzunguka wametazama chini. Mzee anayedai kuwapenda wajukuu huonekana amewapa mgongo, uso umegeukia wageni wa heshima. Hizo si alama za jembe wala kikapu. Ni tabia iliyozoewa na mwili mpaka mwenyewe haisikii tena. Mgongo wa mama unastahili heshima na mapumziko. Kidole cha msimamizi kinastahili kushushwa. Picha haitatutofautishia mawili haya. Hiyo ni kazi ya dhamiri.

Na dhamiri haifanyi kazi peke yake. Wahenga walisema pia kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hizi mbili zikiwekwa pamoja huzaa wajibu: kwa kuwa siwezi kuuona mgongo wangu, nakuhitaji wewe, na kwa kuwa unauona, una amana yangu mkononi. Ukinitangaza mbele ya ukoo mzima umeivunja amana hiyo. Ukinivuta kando ukaniambia kwa upole umenifaa kuliko picha elfu.

Kwa hiyo picha isiyopendeza isifutwe upesi. Mwenye nayo aitazame, amuulize anayempenda anaona nini, kisha aamue kipi akitunze na kipi akirekebishe. Anayekubali kuonwa na wenzake kabla ya kuwahukumu ameielewa methali hii.