Kukaza kwa Haki

Kazi ya mikono ina mahakimu wawili: jicho na mzigo. Jicho huhukumu mara fundi awekapo spana chini. Mzigo huhukumu baadaye, fundi akiwa hayupo. Hukumu ya jicho hupatikana upesi, na aghalabu ndiyo ilipiwayo ujira. Hukumu ya mzigo hukawia, na mara nyingi humwangukia asiyehusika. Swali lifaalo kuulizwa ni hili: fundi huwajibika mbele ya hakimu yupi?

Mikese ni mahali pa kulitazama swali hilo karibu. Uko katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam, kilomita 30 hivi kabla ya kufika mji wa Morogoro, na milima ya Uluguru huonekana mbele ya msafiri. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, lakini barabara haikupumzika. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita, na pamoja nayo magari madogo ya umri mkubwa, mengi yakiwa yalikwisha tumika Japani kabla ya kuletwa. Mengine huacha lami yakaingia njia za udongo zenye mashimo. Miongoni mwa vitu vichokavyo mapema katika magari hayo ni vya chini: springi, shokapu na bushi.

Bushi ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, na kati yao umo mpira ulioshikamana na yote mawili. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa lisigeuke. Basi mkono wa chuma ushikao gurudumu upandapo na kushuka, mpira ndio unyongekao na kunyongoka. Fundi akikaza bolti hiyo gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yakining'inia, huufanya mpira uione hali ya kuning'inia kuwa ndiyo hali yake ya kupumzika. Gari lishushwapo, mpira hunyongwa na uzito, ukakaa umenyongwa mchana na usiku, hata gari likiwa limesimama. Kila shimo huongeza mnyongo juu ya mnyongo, wala haukawii kuchanika. Njia iliyo sawa ni kuishikiza bolti gari likiwa juu, kulishusha likae kwa magurudumu yake, kisha kuikaza kwa kipimo.

Hapa jicho halina msaada. Bolti iliyokazwa vibaya na iliyokazwa vema hufanana kwa sura, na zote mbili ni ngumu kwa spana. Wala bidii peke yake haitoshi. Bolti ni kama springi: ikikazwa hurefuka kidogo, na kutaka kwake kurejea ndiko kushikako vyuma pamoja. Ikikazwa pungufu hulegea kwa mitikisiko. Ikikazwa kupita kiasi hurefuka isirejee tena, na siku moja hukatika. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono huliwa na msuguano; kama sehemu 10 tu katika 100 ndizo zivutazo bolti. Kwa hiyo hesi yenye kutu humdanganya fundi, akadhani bolti imekaza kumbe haijavutwa. Na hesi iliyopakwa mafuta humdanganya kinyume chake. Kijana atiaye bomba refu katika mpini wa spana, akidhani nguvu nyingi ni uaminifu mwingi, hukosea kwa wema. Aristotle aliuweka wema katikati ya ziada na upungufu, akadai kuwa kitendo chema kina wakati wake na namna yake.

Watetezi wa haraka watasema kwamba mwenye gari ni maskini, abiria wake wanangoja juani, na fundi hana spana yenye kipimo. Hoja hizi si za kudharauliwa. Asiyejua hana hatia ya ajuaye, na asiye na chombo hadaiwi usahihi wa chombo. Lakini kulishusha gari kabla ya kukaza hakutaki chombo kipya. Hutaka dakika chache, na mgongo kuinama mara ya pili. Tena mwenye gari asemapo, "Fanya upesi, fundi," amekubali kazi ya upesi. Hakukubali kasoro asiyoweza kuiona, maana hakuna ridhaa pasipo kujua. Na umaskini wake, ukitazamwa vema, hushuhudia upande wa pili: tajiri akinunua bushi mara mbili hupoteza fedha, maskini hupoteza chakula. Na iwapo bolti iliyopuuzwa ni ya usukani, hasara si ya fedha tena, bali ya abiria ambaye hakumjua fundi wala hakupatana naye bei.

Basi fundi huwajibika mbele ya mzigo, na jicho ni karani wake tu. Methali husema samaki mkunje angali mbichi. Bushi hufundisha upande mwingine wa hekima, kwamba viko vitu visivyofungwa ila vikiwa vimekwisha kubeba. Ahadi nyingi za wanadamu hukazwa juu ya jeki, wakati hakuna uzito, kisha wenyewe hushangaa zinapochanika njiani. Mwaminifu huishikiza ahadi yake kwanza, hushuka nayo chini mahali itakapoishi, na huko, chini ya uzito wake wa kila siku, ndiko huikaza.