Lisemwalo Lipo?

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaipachika kwenye insha zetu, na walimu wakatuwekea alama ya vema. Lakini hebu leo tuisimamishe njiani tuihoji kidogo. Hivi ni kweli kila lisemwalo lipo? Na lile lisilokuwepo, likija, linaletwa na nani? Swali hili nitalijadili kwa kutumia viumbe wenye mabawa, wa kweli na wa kubuni, maana huku kwetu kusini, Kilwa na Lindi, usiku umejaa aina zote mbili, na mara nyingi hatujali kutofautisha yupi ni yupi.

Tuanze na bundi. Akilia juu ya paa la makuti saa nane za usiku, basi kuna mtu atakufa. Akitua kwenye mwembe wa nyumba yenye mgonjwa, ndugu wanaanza kufikiria bei ya sanda. Ati ni mjumbe wa wachawi, na wengine husema ni mchawi mwenyewe amejigeuza. Yuko hata anayeitwa babewatoto, jina ambalo peke yake linatosha kumfanya mama avute kanga amfunike mwanawe. Matokeo yake tunayajua sote. Ni mawe na manati, na asubuhi mzoga wa ndege umetupwa jalalani. Kesi hiyo haifiki kwa balozi wala kwa mtendaji, na hakuna anayeona kwamba kuna aliyeonewa.

Sasa bundi mwenyewe, yule wa nyama na manyoya, ni nani? Ni mwindaji wa panya. Manyoya ya mbawa zake yana kingo laini kama nyuzi za pamba, ndiyo maana hupita juu ya kichwa chako usisikie kitu. Masikio yake humwonyesha panya aliyejificha majanini hata kama giza ni totoro. Na panya huyo ndiye anayefukua mbegu za mahindi kabla hazijaota, kisha anahamia ghalani kumalizia mtama. Kwa hiyo bundi akitua juu ya paa lako, bwana, amefuata panya wako, hakufuata roho yako. Akilia, anamwita mwenzake au anawaonya bundi wengine kwamba eneo lile lina mwenyewe.

“Lakini mbona alilia na mgonjwa akafa kweli?” Hili ndilo swali linalowashinda watu wengi, na jibu lake halihitaji darubini. Nyumba yenye mgonjwa hailali. Taa inawaka, mama anakesha, jirani amekuja kumsaidia kukesha. Anayekesha ndiye anayemsikia bundi. Nyumba ya tatu kutoka hapo bundi alilia vilevile, tena pengine kwa sauti kubwa zaidi, ila watu wake walikuwa wazima, wamelala fofofo, na kulipokucha hakuna aliyemhesabu. Tunakumbuka bundi aliyelia mtu akafa. Waliolia usiku elfu moja mingine, watu wakaamka salama wakanywa uji wao, hao tumewasahau.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Huyu ndege tumembandika kiumbe mwingine mgongoni, kiumbe tuliyemtengeneza wenyewe kwa maneno. Jiwe tunamlenga yule wa kubuni, anakufa yule wa kweli.

Hapo msomaji atanirukia: kwa hiyo unataka kusema kubuni ni dhambi? Tuzichome hadithi zote tubaki na vitabu vya hesabu? La, sisemi hivyo. Mtazame ndege mwingine, rukh. Huyu ni ndege wa Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii. Katika Alfu Lela Ulela yai lake ni kubwa kama kuba la msikiti. Marco Polo naye, katika karne ya 13, alisimulia habari alizozisikia kwamba upande wa Bukini kuna ndege anayemnyanyua tembo angani kisha anamwachia adondoke apasuke, apate kumla. Na huko Bukini kweli palikuwa na ndege mkubwa ajabu, ambaye sasa ametoweka. Yai lake moja lingejaa ujazo wa mayai ya kuku zaidi ya 100. Ila ndege huyo hakuweza kuruka, wala hakumnyanyua tembo, maana alikuwa akila majani na matunda tu. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba mabaharia waliyaona yale mayai, nusu ya pili ya hadithi wakaimalizia wenyewe. Hata mimi ningeliona yai la namna ile, sidhani kama ningenyamaza.

Tena yuko shahidi anayetuhusu sisi watu wa Kilwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji ule kwa uzuri wake. Katika masimulizi ya safari zake za baadaye, huko bahari ya mashariki ya mbali, anaeleza kwamba siku moja mabaharia waliona kitu kama mlima umeinuka hewani. Wakalia, wakaagana, wakisema yule ni rukh na akiwaona wamekwisha. Upepo ukawasukuma mbali. Na Ibn Battuta anamaliza kwa kusema kwamba hawakuliona umbo lake halisi. Tazama uungwana huo! Alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kutuongopea, tena nani angempinga? Angeweza kutuhesabia hata kucha za ndege yule. Badala yake akasema waliyoyasema mabaharia, akasema aliyoyaona yeye, na kati ya hayo mawili akaacha nafasi.

Nafasi hiyo ndiyo hoja yangu. Nasi Waswahili tunayo yetu, tena tumeijenga kwa neno moja tu: Paukwa! Wasikilizaji wakijibu Pakawa, mkataba umetiwa saini. Kuanzia hapo sungura na aongee, samaki na aoe binti mfalme, ndege na ameze jua. Hakuna aliyedanganywa, kwa sababu kila mtu ameingia kwa mlango na anajua mlango uko wapi. Hadithi ikiisha, kila mtu anatoka, anaenda kulala, na yule ndege anabaki ndani ya hadithi. Watu wengine hudhani maneno yale ni mapambo ya kuchangamsha watoto. Mimi nasema ni sheria, na bibi zetu waliitunga wakijua wanachokifanya. Rukh hajamtoa mtu damu, kwa sababu kila anayemsimulia humweka ng’ambo ya bahari na ndani ya hadithi.

Hebu sasa tumtazame kiumbe aliyetoka bila Paukwa. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mingi, Pemba na kisha Unguja zilikumbwa na hofu ya popobawa. Jina lenyewe ni maneno mawili ya kawaida, popo na bawa. Ilisemwa kwamba huwavamia watu usiku vitandani mwao na kuwafanyia mambo ya aibu. Watu wazima wakahama vyumba vyao, wakalala nje kwa makundi huku moto ukiwaka. Uvumi ukavuka maji hadi pwani ya bara. Na katika yote yaliyosemwa juu yake, moja ndilo linalonitisha kuliko mengine: kwamba popobawa humwamuru aliyemvamia akawasimulie wengine, la sivyo atarudi tena. Yaani huyu ni kiumbe ambaye chakula chake ni kusimuliwa! Anayemtaja anadhani anajikinga, kumbe anamlisha.

Na je, alikuja? Alikuja. Mwaka huo huo huko Unguja, mtu mmoja mgonjwa wa akili, aliyetoka bara kwenda kutafuta matibabu, alizingirwa na kundi la watu, wakasema ndiye popobawa, wakamuua. Wahenga hawakukosea: halikuwepo, likaja. Ila lilipokuja halikuwa na mabawa. Lilikuwa na miguu na mikono ya jirani zetu, na mapanga yao. Ndiyo maana nasema methali ile tuisome kama onyo, tusiisome kama ushahidi. Lisilokuwepo laja kwa sababu sisi wenyewe tunalibeba mdomoni, tunalipitisha nyumba hadi nyumba, mpaka linapata mwili wa kulikaa. Na mwili linaoupata ni wa yule asiyeweza kujitetea: mgonjwa, mgeni, bundi, kikongwe mwenye macho yaliyoiva kwa moshi wa jiko, kama wale waliouawa kanda ya ziwa kwa kuitwa wachawi.

Najua wazee wangu watanikemea, na kabla hawajaanza nawapa shikamoo yao. Watasema: nyinyi vijana mnataka kila kitu kipimwe kwa rula. Hofu ndiyo iliyotufanya tusizurure usiku. Hofu ndiyo iliyotuzuia kufyeka vichaka vya mizimu, na leo vichaka hivyo ndivyo vilivyobakia na miti. Mkituondolea hofu mtatubakizia nini? Hoja hii ni nzito na siikatai yote. Mama anayemwambia mwanawe kuna zimwi kisimani amemwokoa asizame. Lakini tuwe na kipimo. Tuulize hofu hii gharama yake analipa nani. Mtoto asiyekwenda kisimani amelipa kwa kukosa mchezo wa jioni, na faida ameipata yeye mwenyewe. Hiyo ni biashara halali. Bundi anayepigwa mawe ili mimi nipate usingizi amelipa deni ambalo hakulikopa. Yule mgonjwa wa Unguja naye alilipa kwa uhai wake hofu za mtaa mzima. Hofu inayolipiwa na mwingine ni dhuluma, hata kama ina mvi.

Mpaka hapa nimeshughulika na lisemwalo. Lakini kuna upande wa pili ambao methali imeunyamazia: lililopo lisilosemwa. Na huo upande uko kwetu kabisa, Lindi, mwendo wa kilometa kama 60 kutoka mjini, kwenye kilima kinachoitwa Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa imejitokeza ardhini. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, mamia ya vibarua wa huku kusini waliichimba mifupa ile wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani, chini ya wataalamu kutoka Berlin. Wakaifunga, wakaibeba kichwani na mabegani kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Leo katika jumba la makumbusho la Berlin amesimama mnyama wa Tendaguru mwenye kimo cha zaidi ya meta 13.

Wengi wetu tumewahi kusikia habari za huyo mkubwa. Ni wangapi wanajua kwamba katika mizigo ile mlikuwa pia na mifupa ya viumbe wanaoruka? Hawakuwa ndege wala popo. Walikuwa watambaazi wenye mabawa ya ngozi, na bawa zima lilishikiliwa na kidole kimoja kilichorefuka kupita kiasi. Waliruka hapa, juu ya pwani hii hii, miaka kama milioni 150 iliyopita. Mwaka 1999 mmoja wao, kutokana na kipande cha taya chenye meno, alipewa jina la kitaalamu la Tendaguripterus. Maana yake ni bawa la Tendaguru! Na Boheti naye alikumbukwa, maana mwaka 2007 mnyama mwingine wa kilima hicho alipewa jina lake, Australodocus bohetii.

Hebu pima mwenyewe. Kiumbe wa kwanza hakuwepo, na jina lake linajulikana na kila mtoto wa pwani. Wa pili alikuwepo, mabawa yake yalitia kivuli kwenye ardhi yetu, mifupa yake ilibebwa na babu zetu, na jina lake halijafika midomoni mwetu. Lisemwalo halipo, na lililopo halisemwi. Na kosa hapa si la bundi wala la popo.

Waandishi wenzangu, sisi ndio wenye kazi ya kubuni, na sitaki tuiache. Tubuni ndege wenye vichwa saba, tuwarushe juu ya magofu ya Kilwa Kisiwani, tuwatoze ushuru, tuwaozeshe majini. Ila tulipe madeni mawili. La kwanza, kila tunapomrusha wa kubuni, tupige Paukwa kwa sauti ya kusikika, ili asije akatua juu ya paa la mtu. La pili, wa kweli nao tuwasemee, maana wao hawana mdomo wa kujisemea. Usiku huu bundi atalia mahali fulani kati ya Kivinje na Masoko, na atasikiwa na mtu anayekesha kwa sababu ana mgonjwa ndani. Mtu huyo ana jiwe karibu na mlango. Kama hajasikia kwetu habari ya panya, atakuwa ameisikia wapi?