Ufunguo wa Dhamana Ushikwe na Nani?

Mzazi wa Busisi ambaye mwanawe yu mahabusu Butimba huuliza neno moja: "Atatoka lini?" Sheria nayo humwuliza: "Wabisha mlango upi?" Maana milango ni miwili. Anayeshikwa kinyume cha sheria huombewa Mahakama Kuu amri iitwayo kwa Kilatini habeas corpus: aliyemshika amlete mbele ya jaji na kueleza sababu. Aliyekwisha kushtakiwa kwa sheria huomba dhamana.

Je, ikiwa sheria yenyewe imeufunga mlango wa dhamana, hata jaji akajibu kwamba hana mamlaka? Hapo ndipo penye swali la haki.

Shauri la Daudi Pete, lililoanzia Musoma na kufika Mahakama Kuu, Mwanza, lilihusu unyang'anyi wa kutumia nguvu. Sheria ya mwaka 1985 ilikataza dhamana kwa mashtaka ya namna hiyo. Jaji Mwalusanya aliitoa. Na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba kifungu kile kilipingana na Katiba. Mwaka 2018 ilibatilisha pia kifungu kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Lakini mwaka 2020 ilikataa kuifuta orodha ya makosa yasiyo na dhamana, ambamo umo uuaji wa kukusudia na utakatishaji wa fedha.

Wako wasemao: "Na mvuvi aliyenyang'anywa nyavu na mashine ziwani? Mnyang'anyi akirejea mwaloni kesho yake, mvuvi yule atalindwa na nani?" Neno hilo ni zito, wala halifai kudharauliwa. Lakini jaji mwenye mamlaka aweza kuinyima dhamana akiiona hatari hiyo. Hatusemi kila mshtakiwa aachiliwe. Twasema kila mmoja asikilizwe. Jina la kosa si ushahidi: huandikwa na mshtaki kabla shahidi hajafungua kinywa. Likitosha peke yake kumweka mtu ndani, basi mshtaki amekwisha kuwa hakimu. Na mtu huyo akionekana hana hatia, ni nani atakayemrudishia miaka yake?

Yatupasa basi kuwaambia wabunge wetu: wekeni masharti makali mpendavyo, lakini ufunguo mwachieni jaji. Kumsikiliza mtu si kumwachilia. Ila kumfungia bila kumsikiliza ni kumhukumu kabla ya hukumu.