Nani Atamfundisha Mtoto Lugha ya Nyanya Yake?

Katika mji wetu wa Kisangani mtoto hujifunza Kiswahili na Lingala bila mwalimu. Hucheza na wenzake, huenda sokoni, na maneno humwingia yenyewe. Kifaransa atafundishwa shuleni. Lakini Kilokele, Kienya au Kimbole, nani atamfundisha?

Mama wengi hujibu: "Lugha ya kijijini ina faida gani? Haimpatii mtu kazi, tena itamchanganya mtoto akili." Jibu hili si la upumbavu, maana latoka katika moyo wa mama anayemtakia mtoto wake mema. Basi tulipime.

Kwanza, si kweli kwamba lugha mbili humharibu mtoto akili. Mtoto mdogo aweza kupokea lugha mbili, hata tatu. Akichanganya maneno mwanzoni, ni kwa muda tu. Baadaye huyatenga mwenyewe.

Pili, faida si mshahara tu. Tazameni lokole, ile ngoma ya gogo ya Walokele. Mmisionari Mprotestanti John Carrington, aliyeishi Yakusu, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949. Ngoma hiyo ina sauti mbili, ya juu na ya chini, nazo hufuata sauti za Kilokele chenyewe. Anayeijua lugha husikia habari: fulani amefariki, mashua inakuja. Asiyeijua husikia kishindo tu. Ndivyo alivyo mtoto aliyenyimwa lugha ya jamaa zake: nyanya akimpa onyo, hadithi au baraka, yeye husikia kishindo. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazee wetu. Je, atamheshimuje vema mtu asiyeweza kuongea naye?

Wengine husema: "Mume wangu ni wa kabila lingine." Basi kila mmoja aongee na mtoto kwa lugha yake, na Kiswahili kiwaunganishe wote wakati wa kula.

Lakini tusimtwike mama mzigo huu peke yake. Mama anayeshinda sokoni tangu alfajiri hawezi kufanya yote. Baba naye ana kinywa. Baba anayeicheka lugha ya mkewe mbele ya watoto huiua upesi kuliko shule. Yampasa kuiheshimu, na kuwapeleka watoto kwa nyanya wakati wa likizo.

Katiba ya mwaka 2006 yataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Yasema pia kwamba Serikali italinda lugha nyingine za nchi. Ni ahadi njema, lakini Serikali haimbembelezi mtoto usiku. Lugha kubwa zina masoko, redio na shule. Zitaishi hata mama akinyamaza. Lugha ndogo ina nyumba tu.

Basi, enyi akina mama, mwiteni mtoto kwa lugha ile mliyoitwa nayo ninyi. Kazi hiyo haina gharama, ila haingoji: mtoto hukua, na nyanya huzeeka.